Vina, Mizani na Ukaidi wa Vijana Wasomi

Ukaidi wa fikra si maradhi ya wasiosoma peke yao. Kwa baadhi ya vijana wa vyuo vikuu vyetu umepata makao mema, na aghalabu hujivika joho la mapinduzi. Nitachukua mfano wa ushairi, kwa kuwa ndiyo fani niifahamuyo.

Kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia, pasi na kusita, kwamba vina na mizani ni minyororo ya Waarabu na ya watawala wa pwani, na kwamba mshairi huru hana budi kuikata. Nikamwuliza, "Mwanangu, umemsoma Muyaka bin Haji?" Akajibu kwamba hana haja, maana mhadhiri amekwisha kumweleza darasani.

Rai yake haikunichukiza. Mtu ana haki ya kuichukia mizani. Kilichonisikitisha ni kule kuhukumu pasipo kusikiliza shahidi. Muyaka, aliyefariki mnamo mwaka 1840, aliutumia mshororo wa mizani 16 kumpiga mafumbo Seyyid Said, akiitetea Mombasa ya Wamazrui mpaka ilipoanguka mwaka 1837. Aliimba pia mapenzi na shida za nyumbani. Na Mathias Mnyampala, aliyezieneza ngonjera, alikuwa Mgogo na Mkristo. Saadan Kandoro alitoka Ujiji. Je, hao nao ni watawala wa pwani?

Ajabu ni kwamba maneno ya kijana yule yalikuwa ya ujasiri siku zake. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipokana kwamba vina ndivyo uti wa mgongo wa shairi, walibisha wakiwa wameyasoma waliyoyabishia. Huwezi kuwaambia kwamba hawakujua kuhesabu mizani. Leo hoja zao zimekuwa madondoo ya kukaririwa. Lililokuwa swali zito limegeuka jibu la mtihani, na anayeuliza upya huonekana mshamba. (Mimi niliishia sekondari, basi ushamba huo sina wa kumsingizia.)

Hata hivyo, nisijitoe katika shutuma. Sisi watunzi wa jadi tulijifungia chumba chetu na ufunguo tukautupa. Kijana yule hakunyamaza. Alinigeuzia swali: "Na wewe mzee, *Kichomi* umekisoma?" Nikasema nimekisoma. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi nilikiita insha iliyokatwakatwa, hali nilikuwa nimesoma kurasa mbili tu, nimesimama dukani.

Siku ya pili nilimwazima tungo za Muyaka, naye akaniletea *Kichomi*. Hajanirudishia changu. Chake nimekifikisha nusu. Liko shairi moja nimelirudia mara tatu nikiitafuta mizani, nisiione, wala nisiweze kuliacha.