Mvua Ilipomkuta Oganda Njiani

Mwandishi hukopa kwetu subira na huruma, msomaji wangu, na siku ya kulipa ni ukurasa wa mwisho. Wako waandishi waliokimbia deni hilo. Wako pia wanaolaumiwa bure, na miongoni mwao namtia Bibi Grace Ogot kwa ajili ya hadithi yake “The Rain Came”.

Bibi huyu, aliyefariki mwaka 2015, alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, jirani zetu watu wa Bondo. Hadithi yenyewe imo katika mkusanyo wake Land Without Thunder wa mwaka 1968, na yafuata ngano ya kale ya Wajaluo. Yamkini umeisoma. Ukame umeikaba nchi. Ndithi, mganga wa mvua, amwambia chifu Labong’o kwamba mhenga Podho anataka Oganda, binti pekee wa chifu, atolewe kwa zimwi la ziwani. Labong’o apima uhai wa mtoto mmoja na uhai wa kabila zima, kisha amtoa. Watu wafurahi, Minya, mama wa binti, azama katika majonzi, Oganda ashika njia ya ziwani peke yake. Karibu na maji Osinda, mpenzi wake, amfikia, amvika vazi la majani limfiche machoni pa wahenga, nao wakimbia. Ndipo umeme upigapo, na mvua ikashuka kwa wingi.

Wanafunzi wa ualimu niwafundishao huniletea kila mwaka lawama ileile: mwisho huu ni wa bahati tu. Kama mvua ilikuwa tayari kunyesha, uchungu wa Labong’o ulikuwa wa nini? Lawama hiyo haistahili kudharauliwa. Mwaka 2012 wachezaji wengi wa michezo ya video duniani walitoa lawama iliyofanana nayo, na kwa kuwa yao ilikuwa ya haki, yafaa tuitazame kabla ya kumhukumu jirani yetu.

Mass Effect ni michezo mitatu ya kampuni ya BioWare ya Kanada, iliyotolewa mwaka 2007, 2010 na 2012. (Usishangae kuiona katika kitabu cha insha, palipo na hadithi pana kazi ya mhakiki.) Mchezaji huwa Kamanda Shepard, na maamuzi yake katika mchezo wa kwanza humfuata hadi wa tatu: aliyemwokoa aweza kumkuta mbele, na aliyemwacha afe hamwoni tena. Katika mchezo wa tatu, kwenye sayari ya Rannoch, mchezaji aliyechagua kwa busara tangu awali aweza kuwapatanisha watu waitwao Quarian na Geth, mashine zenye akili walizoziunda wenyewe, nazo zikawafukuza kwao. Ni kazi ya saa nyingi, na furaha yake ni kubwa. Kisha, dakika za mwisho kabisa, chatokea kiumbe chenye sura ya mtoto, kimwambie Shepard kwamba viumbe vya kuundwa sharti viwaasi waundaji wao, na kumpa njia tatu za kumaliza mambo. Rannoch imesahauliwa! Shepard hakupewa hata neno moja la kumkumbusha. Mwezi Juni mwaka uo huo kampuni ilitoa nyongeza bila malipo, yenye maelezo zaidi na njia ya nne, ya kukataa. Dai la mtoto yule likabaki vilevile. Mchezo ulikuwa umekanusha kile mchezaji alichokijenga kwa mikono yake.

Sasa niambie, Bibi Ogot amekanusha nini? Labong’o alichagua kabila, na kabila limepata mvua. Osinda alichagua kumwasi mhenga, na mkono wa Oganda umo mkononi mwake. Hajatokea mtu wa kutueleza kama wahenga wameridhika kwa kuwa binti alitolewa, au kama Ndithi aliota ndoto tupu. Mawingu hayasemi, na mwandishi ametulia kimya pamoja nayo. Kasoro moja naikubali: Osinda twamjua kidogo mno kabla hajatokea, na lile vazi la majani limewahi kupita kiasi. Lakini hiyo ni kasoro ya mlango alioingilia, wala si ya mahali hadithi ilipofika.

Tena wale wauitao mwisho huu mtamu wamekimbia pamoja na wapenzi wawili, wasirudi kijijini. Rudi huko, msomaji. Mvua yapiga mapaa, na hakuna ajuaye kwamba Oganda yu hai. Ndithi ataheshimiwa kuliko jana. Labong’o atashukuru na kulia kwa pumzi moja, asijue kwamba mwanawe amelowa mvua ileile. Minya hatapata kaburi la kulilia. Na mwaka ule mawingu yatakapopotea tena, wazee wataikumbuka dawa iliyofaa, nao wataanza kuulizana ni nani mwenye binti.