Jina na Mahali Lilipoandikwa

Ukisimama uani ukaita "Juma!", wa kwanza kuitika ni Juma wa nyumba hiyo, hata kama mtaa mzima umejaa akina Juma. Lugha ya Ruby, aliyoitoa Yukihiro Matsumoto huko Japani mwaka 1995, hutafuta majina kwa utaratibu huohuo, na kila nikiutazama naona mkono wa fundi.

Chukua moduli uiite Duka, uweke ndani yake jina Kodi lenye thamani 18. Humohumo fungua moduli nyingine, Ghala. Msimbo wa Ghala ukitaja Kodi, Ruby huanza kutazama ndani ya Ghala kwenyewe. Isipoliona hutoka hatua moja hadi Duka, ikifuata kuta kama mwandishi alivyozijenga. Kuta zikiisha ndipo hugeukia ukoo wa chumba kile cha ndani kabisa: moduli zilizochanganywa humo, klasi mama, hadi kufika Object, yanakokaa majina ya nje. Mahali hutangulia, nasaba hufuata. Na anayelitaka lile la nje moja kwa moja huandika ::Kodi.

Sasa andika mstari mmoja tu: module Duka::Ghala. Machoni ni ghala lilelile, na kweli ni lilelile. Lakini Kodi haionekani tena! Jioni nzima niliwahi kuhangaika na kosa la namna hiyo, nikikagua tahajia herufi kwa herufi, kumbe tahajia haikuwa na tatizo. Umeingia ghalani bila kupita dukani, hivyo ukuta wa Duka haumo katika hesabu. Ruby haikubahatishii ulichokusudia, hushika ulichoandika. Uaminifu huo ndio ninaouhusudu, maana msomaji anayefika miaka kumi baadaye atajua jina limetoka wapi kwa kutazama mistari iliyo mbele yake.

Vigeu vya kawaida, vyenye kuanza na herufi ndogo, vina sheria kali zaidi: module, class na def ni milango ambayo havivuki.

Wewe unayejifunza, fungua irb, dirisha la kujaribia msimbo wa Ruby, uijenge Ghala kwa namna zote mbili, na ndani ya kila moja uulize Module.nesting. Ya kwanza itakujibu [Duka::Ghala, Duka]. Ya pili, [Duka::Ghala] peke yake.