Pasi Moja, Tena Polepole

Kati ya kazi za mikono zinazofanyika majumbani mwetu bila kupewa heshima yake, naiweka mbele kazi ya kunyoosha nywele. Mtu hukaa mbele ya kioo chumbani kwake, na draya, pasi, kitana na vibanio vichache. Akiinuka, nywele zake za kipilipili zimelala hadi mabegani, zinang'aa, na hakuna hata mmoja uliosimama peke yake. Wanaomwona husifu nywele. Mimi nataka kuusifu mkono, kwa kuwa kazi hii ina elimu ya maji, ya joto na ya hewa, tena ina subira ambayo hainunuliwi dukani pamoja na pasi.

Tuanze na maji, maana ndiyo chanzo cha kutimka kote. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na sehemu zake za ndani zimeshikamanishwa na vifungo. Viko vya salfa, vilivyo vigumu, navyo hulinda umbo la mkunjo. Viko pia vya haidrojeni, vilivyo dhaifu: huachia unywele unapolowa au kupata moto, kisha hushikana upya unapokauka na kupoa. Pasi ikitumiwa kwa kiasi hufanya kazi na hivi dhaifu tu. Joto huvilegeza, unywele ukavutwa ukanyooka, ukapoa hivyo hivyo, navyo vikajifunga upya katika unyoofu. Lakini hewa nayo ina maji. Unyevu unapoingia, vifungo huachia kidogo kidogo, na kila unywele hurudia mkunjo wake kwa wakati wake, huu kabla ya ule. Kichwa kizima hupoteza mpangilio.

Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alieleza kipimo cha unyevu wa hewa alichokitengeneza kwa unywele wa binadamu, kwa sababu unywele hurefuka kidogo hewa inapolowa na kufupika inapokauka. Elimu hiyo wanawake wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam wanayo vichwani mwao. Wanajua kwamba masika yakianza mwezi Machi, nywele zilizonyooshwa asubuhi huweza kuvimba kabla ya adhuhuri, na kwamba joto la kaskazi huleta jasho linaloanzia kwenye mashina, mahali ambapo pasi ilipata taabu zaidi kufika.

Kwa hiyo fundi wa kweli hupambana na maji kabla hajaigusa pasi. Huosha nywele vizuri, kwa sababu mafuta ya zamani na vumbi huzifanya zigandane na kuungua. Hupaka kondishena, akachambua mafundo kwa vidole na chanuo pana kuanzia kwenye ncha, akipanda juu taratibu. Hazisugui kwa taulo. Huzibonyeza kwa fulana kuukuu ya pamba. Ngozi ya nje ya unywele imepangwa kama makuti ya paa, tabaka juu ya tabaka, ncha zikielekea chini. Ukipapasa kwa kufuata mwelekeo wake, hulala na kung'aa. Ukisugua kwa kupinga, huinuka, nao unyevu hupata pa kuingilia. Ndiyo maana mdomo wa draya huelekezwa toka shina kwenda ncha, kila mara, hata mkono ukichoka. Nusu ya ulaini ambao watu huudhania ni wa pasi umeshapatikana hapo.

Na kukauka kuwe kukauka kweli. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na pasi huwa na joto la kuzidi hapo kwa mbali. Yakibaki ndani ya unywele, hugeuka mvuke ghafla na kutoboa vipovu ndani yake, na unywele wenye vipovu hukatika. Ukisikia sauti ya kukaanga, weka pasi chini. Vivyo hivyo kwa mafuta mazito yanayopakwa kabla ya moto ili nywele zing'ae: huzikaanga. Kinachofaa kutangulia ni kinga ya joto, kiasi kidogo, iliyosambazwa sawasawa na kuachwa ikauke. Mafuta ya nazi yana nafasi yake kabla ya kuosha, kwa kuwa huweza kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuoshwa. Bibi zetu wa pwani waliyapaka muda mrefu kabla maabara hazijayapima.

Sasa pasi yenyewe. Kichwa hugawanywa mafungu manne, na kila fungu likatolewa vijisehemu vyembamba ambavyo ukivitandaza unauona mwanga kupitia kwavyo. Kitana hutangulia, pasi hufuata nyuma yake bila kuachana, toka karibu na shina hadi ncha, kwa mwendo mmoja usiosita. Nywele nyembamba, au zilizotiwa rangi, hutosheka na nyuzi 150 hivi. Nene zenye mkunjo mkali huhitaji 180, pengine kukaribia 200. Zaidi ya hapo ni kuchoma. Anayepitisha pasi haraka hulazimika kurudia mara tatu au nne, na kila marudio hukausha na kudhoofisha. Mwenye ujuzi hupita mara moja, polepole, kisha huacha kijisehemu kipoe bila kukishika, kwa sababu umbo hujifunga wakati wa kupoa.

Kabla ya pasi zenye namba, kipimo kilikuwa jicho. Kitana cha chuma kiliwekwa juu ya jiko la mkaa, kikatolewa, kikajaribiwa kwenye kipande cha karatasi au kitambaa cheupe. Kikigeuka kahawia, kitana kilisubirishwa. Kisha shangazi au dada mkubwa alimwambia anayetengenezwa akunje sikio lake mwenyewe kwa kidole, akapitisha chuma cha moto karibu na ngozi bila kuigusa. Nimekaa chini ya mikono ya namna hiyo, na sijaona utulivu unaouzidi.

Baada ya pasi hubaki vile vinywele vinavyosimama juu ya utosi na kandokando ya paji. Vingine ni vipya. Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, hivyo haviwezi kuwa na urefu wa wenzao, na havina kosa. Vingine vimekatika, navyo vinatuambia tupunguze moto. Vingine vimesimamishwa na umeme tuli: mahali pakavu kama Dodoma wakati wa kiangazi, kitana cha plastiki kikisugua nywele kavu, kila unywele hubeba chaji ileile na kumsukuma mwenzake. Dawa ya hili ni chanuo la mbao na matone mawili ya mafuta mepesi, yaliyosuguliwa viganjani hadi karibu yapotee, kisha viganja vikapita juu ya nywele kwa wepesi. Mswaki laini uliotengwa kwa kazi hii hulaza vya kando ya paji. Kuvirudia kwa pasi ni kuongeza vilivyokatika. Usiku nywele huzungushwa kichwani na kufungwa kwa kitambaa cha satini, kwa kuwa foronya ya pamba huzisugua na kuzinyonya.

Nimesema naisifu kazi hii, na sababu kubwa kuliko zote ni kwamba haiharibu ilichokikuta. Dawa za kulainisha nywele huvunja vifungo vile vya salfa, na unywele uliopitiwa haurudi tena. Utangoja mwingine uote. Moto uliopimwa vizuri huazima umbo kwa siku chache, kisha hulirudisha lote. Mwenye kipilipili huvaa unyoofu apendapo, akauvua kwa maji apendapo, bila kuikana asili yake.

Basi, dada yangu unayeshika pasi jioni ya leo, usiwe na haraka, na usishindane na mvua. Kausha kabisa, gawa vyembamba, pita mara moja, acha zipoe. Wala usijipime kwa kioo cha leo peke yake. Ufundi wako utajulikana siku ya kuosha: nywele zikigusa maji na kujikunja zote, toka shina hadi ncha, ulifanya kazi njema.