Keki Ina Chumvi? Jua Kwanza Imepitia Wapi

Keki ikitoka na chumvi, lawama zote huenda kwa aliyeshika kijiko cha chumvi. Mara nyingi analaumiwa bure. Katika majiko ya Musoma, Bunda na Butiama, ladha ya chumvi huingia kwenye keki, mkate na maandazi kwa njia nyingi: chumvi yenyewe, majarini, magadi, beking pauda, hata mafuta ya kukaangia. Mwokaji mzuri huijua njia kwa kuonja na kutazama kabla hajagusa kipimo.

Onja polepole

Subiri keki ipoe, kisha kata kipande cha katikati ukitafune taratibu. Chumvi ya kawaida huja mara moja, ni safi, na huacha kiu. Magadi huchelewa: ukishameza, hubaki uchungu kidogo na ladha ya sabuni. Beking pauda iliyozidi hufanana nayo, kwa kuwa ndani yake kuna magadi yaleyale yaliyochanganywa na asidi na wanga. Tonge moja likikuuma na la pili likawa sawa, kosa ni la uchanganyaji, si la kipimo.

Tazama ulichokikata

Vidoa vya manjano au kahawia ndani ya keki ni mabonge ya magadi ambayo hayakuchekechwa. Keki iliyozidishiwa magadi pia hugeuka kahawia nje upesi huku ndani bado mbichi. Mkate una dalili zake. Chumvi nyingi huibana hamira, kwa hiyo mkate huumuka kwa shida, hutoka mdogo na mzito, na ganda lake huwa jekundu sana kwa sababu sukari ambayo hamira ingeila imebaki na kuungua juu.

Sababu za huku kwetu

Ya kwanza ni mwinuko. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi ya hapo. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ndani ya keki hutanuka zaidi, hivyo kipimo cha beking pauda kilichoandikwa kwa mpishi wa Dar es Salaam kinaweza kuumua keki ya Musoma kupita kiasi, kisha ikabonyea katikati. Wengi wakiona imebonyea huongeza beking pauda, na hapo ndipo ladha mbaya huingia. Dawa ni kinyume chake: kwa kila kijiko cha chai, punguza kama moja ya nane.

Ya pili ni chumvi ya mawe, ileile inayotumika mialoni kutia samaki chumvi. Kijiko chake hubeba chumvi pungufu kuliko kijiko cha chumvi laini, maana punje zake kubwa huacha nafasi. Aliyezoea ya mawe akihamia laini bila kubadili kipimo, atazidisha. Tena ya mawe isipoyeyushwa kwanza kwenye maji au maziwa ya kukandia, hubaki punje punje ndani ya donge.

Ya tatu ni mafuta. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, hutuama chini ya karai. Ukikaangia maandazi mafuta yaliyotoka kwenye samaki wa chumvi bila kuyachuja, utasingizia unga bure.

Ya nne ni majarini ya kopo. Nyingi zimetiwa chumvi tayari. Soma lebo: ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate kiasi cha chumvi. Keki yenye robo kilo ya majarini ya namna hiyo haihitaji chumvi nyingine. Vilevile kuna unga unaouzwa ukiwa umeshachanganywa beking pauda, na mara nyingi chumvi pia. Huo usiuongezee.

Vipimo vya kushika

Kwa kilo 1 ya unga wa mkate, gramu 18 hadi 20 za chumvi zinatosha, yaani kama vijiko vitatu vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Magadi yanataka kitu kichachu cha kuyamaliza nguvu, na mkoa wa ng'ombe kama Mara haukosi maziwa ya mgando: kikombe kimoja kinamudu nusu kijiko cha chai. Yakizidi hapo, sabuni itasikika. Na hayo yawe magadi ya kuokea, si ya mawe ya kulainishia maharage, ambayo ni makali zaidi.

Ikiwa imeshaharibika

Donge bichi lenye chumvi huokolewa kwa kukanda donge jingine lisilo na chumvi na kuyachanganya mawili. Iliyokwisha kuiva haitolewi chumvi. Sukari ya juu huificha tu. Mkate huo ule na maharage yasiyotiwa chumvi, na keki iteremshe kwa chai.

Pishi linalofuata, badilisha kitu kimoja tu. Anayepunguza chumvi, magadi na majarini kwa siku moja anaweza kupata keki nzuri, lakini hatajua ni kipi kilichoiharibu ya kwanza, na kosa litamrudia.