Chuma Kisichoyeyuka

Chuma humwonya fundi wa kuchomelea: kinakuwa chekundu, kinageuka rangi ya chungwa, halafu cheupe. Alumini haimwambii kitu. Hufika nyuzi 660 ikiwa na rangi ile ile ya asubuhi, kisha ghafla imedondoka kama uji. Tena imejifunika utando mwembamba wa oksidi unaostahimili hata nyuzi 2,000, hivyo kiini huyeyuka na gamba likabaki.

Mwaka 1991, katika taasisi ya TWI karibu na Cambridge, Uingereza, Wayne Thomas na wenzake waliuweka moto kando. Mabamba mawili hubanwa ubavu kwa ubavu, pini ngumu inayozunguka huzamishwa kwenye kiungo na kusogezwa taratibu. Msuguano huilainisha alumini, pini huisonga kama mwiko unavyosonga ugali, gamba huvunjikavunjika, na bega la pini hushindilia nyuma yake. Siku hizi wapo wanaosukuma fimbo ya alumini kupitia kifaa kinachozunguka, wakajenga kitu kizima tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi apandishavyo chungu kwa pete za udongo.

Kuunganisha huku bila kuyeyusha kunanikumbusha uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, na malungu yake: tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizotumika kutoa chuma kwenye mawe. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Kimo chake chenyewe kilivuta upepo kupitia matundu ya chini. Wengi hudhani chuma kilitiririka humo kama maji. La. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na ilungu halikufika huko. Yaliyoyeyuka ni mavi ya chuma, yaani takataka za mawe hayo. Chuma chenyewe kilibaki kigumu, punje zikigusana na kushikana taratibu ndani ya joto, hadi likapatikana donge lenye vitundu kama sifongo. Donge lilivunjwa, likasafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilifanya kazi, ndipo likafika kwa mhunzi. Nyundo ikayakamua mavi yaliyobaki, nyuso safi zikakutana zingali ngumu, zikawa kitu kimoja. Likatoka jembe.

Kiungo cha msuguano kikikatwa na kung'arishwa huonyesha pete ndani ya pete, kama kitunguu, mahali pini ilipopita. Chuma cha tanuri za namna ile nacho, kikikatwa, huwa na mistari myembamba ya mavi ya chuma, imelala upande ule nyundo ilikokivuta.