Kunguru Asifutwe

Anayepiga simu nyumbani kutoka Minneapolis au Muscat siku hizi humsikia mama yake kwa uwazi ambao kizazi cha vocha za kukwangua hakikuujua. Lakini hasikii kingine. Programu za simu zimefundishwa kuyatenga maneno na kila kisicho maneno, kisha kukitupa hicho cha pili: jogoo wa jirani, maji yanayojaa ndoo, bodaboda inayopanda mlima, watoto wanaogombana uani. Kwa aliye kwenye kikao cha kazi hiyo ni huduma nzuri. Kwa aliye mbali na kwao ni hasara, maana mama angeweza kuyasema maneno yale yale akiwa mji wowote duniani. Simu ya waya ya zamani nayo haikuwa na nafuu: ilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400 hivi, na nyenje wengi hulia juu ya kiwango hicho, kwa hiyo usiku wa kijijini ulibaki huko huko kijijini. Ndiyo maana naona upo ufundi mpya unaostahili kusifiwa, wa mtu anayebuni programu ya kumrudishia mpweke sauti ambazo simu imezitupa. Na ninavyoona mimi, kazi yake ipimwe kwanza kwa usahihi wa mahali. Uzuri wa sauti uje nyuma sana.

Chukua mvua. Programu za kumsaidia mtu alale zina mvua tele, na karibu zote ni mvua moja: mwagiko ulio sawasawa, usio na mwanzo wala mwisho, uliokatwa katikati ya rekodi na kuzungushwa usiku kucha. Mvua ya bati haiko hivyo. Huanza kwa tone moja moja, kila tone na mlio wake, kwa kuwa bati lililopigiliwa misumari juu ya mbao hulia tofauti na lile linaloning'inia kati ya mbao na mbao. Halafu matone yanasongamana, na mara nyumba nzima inanguruma kiasi kwamba mwalimu darasani hana budi kuweka chaki chini. Kwisha kwake ndiko kunakochukua muda. Bati limeshanyamaza, lakini mfereji bado unamimina kwenye pipa, na mlio wa maji unapanda kadiri pipa linavyojaa. Mvua ya makuti ni habari nyingine kabisa: makuti huyameza matone, na kinachosikika zaidi ni michirizi inayodondoka mchangani kutoka ukingoni mwa paa. Fundi hurekodi mvua nzima, tangu upepo unaoitangulia, na maikrofoni zake huziweka ndani, pale ambapo mtu angeketi, kwa sababu mvua tunayoikumbuka ni ile tuliyojikinga nayo. Anatumia maikrofoni mbili zilizoachana karibu upana wa kichwa (watu wa redio ya Ufaransa walijiwekea kipimo cha sentimita 17 na pembe ya nyuzi 110) ili mwenye hedifoni ajue mfereji uko upande gani. Kisha anakuja kwenye mshono. Rekodi yoyote inayozungushwa ina mahali ilipounganishwa, na jogoo mwenye sauti ya pekee akiwika kila baada ya dakika nne kamili, msikilizaji ataanza kumsubiri. Akishaanza kumsubiri, nyumbani kumekwisha, imebaki mashine.

Usahihi mwingine ni wa kujua sauti gani ni ya nani. Mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, ambaye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser walitoa rekodi za sauti za mji wa Vancouver mwaka 1973, alitofautisha sauti ambazo jamii inajivunia na sauti za msingi ambazo wenyeji wamezizoea hata hawazisikii tena. Hizi za pili ndizo zinazomtoa fundi jasho. Mwombe mtu wa Dar es Salaam akutajie sauti za mji wake, atakutajia konda anayeita abiria wa Kariakoo, pengine na singeli. Akifikiri kidogo atamkumbuka kijana wa kupaka rangi kucha anayegonganisha vichupa vyake akipita, na muuza sigara anayechezesha sarafu kiganjani. Kunguru hatamtaja. Na kunguru yule wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 akasambaa miji ya pwani, hupiga kelele tangu alfajiri hadi magharibi. Anachukiwa, anategwa, anawekewa sumu. Mbunifu anayetaka kupendeza atamfuta, na Dar es Salaam itafutika naye. Lakini mpelekee kunguru huyo Mzanzibari aishiye Muscat, hatamsaidia kitu. Kunguru wa aina hiyo yuko Muscat pia, adhana ipo, hata Kiswahili kinasemwa katika nyumba nyingi za Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba. Anachokikosa yeye ni muuza kahawa anayegonganisha vikombe mkononi huku dele likikaa juu ya makaa, ni mbuzi ya nazi ikikwaruza kifuu, ni masika. Aliyetoka Bukavu akapewa makazi Marekani ana lake: wavuvi wa sambaza wakiimba kwa kufuata makasia, wakiingia Ziwa Kivu jua linapozama. Programu yenye kitufe kimoja kilichoandikwa Afrika, ukikibonyeza unasikia ngoma na simba, haijaguswa na fundi.

Pingamizi kubwa dhidi ya kazi hii ni la kale. Mwaka 1688, huko Basel, Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari juu ya ugonjwa wa kutamani kwao. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza ni mwanafunzi kutoka Bern aliyedhoofika hadi watu wakakata tamaa naye, na akaanza kupata nafuu alipotiwa njiani kurudishwa kwao. Baadaye yakaenea maelezo kwamba askari wa Uswisi waliokodiwa na majeshi ya kigeni walilia, wakatoroka au wakafa waliposikia wimbo wa wachunga ng'ombe wa milimani kwao. Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliandika kwamba wimbo huo ulipigwa marufuku jeshini kwa adhabu ya kifo. Tukiweka kando jinsi marufuku hiyo ilivyotekelezwa, hoja inabaki na uzito: je, kumpa mpweke sauti za kwao si kumtonesha kidonda? Jibu la kwanza analo Rousseau mwenyewe, aliyesema kwamba wimbo ule haukuwafanya kitu wageni, kwa hiyo nguvu yake ilitoka kwenye kumbukumbu za msikilizaji. La pili liko katika hali ya yule askari: hakuuchagua wimbo, hakuweza kuuzima, na wimbo huimbwa ili usikilizwe. Mlio wa pipa linalojaa haudai usikilizwe. Hukaa nyuma ya mtu anapopika au kupiga pasi, na mtu huyo huendelea na maisha yake mahali alipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Tim Wildschut na Constantine Sedikides pamoja na wenzao, walionyesha katika kazi yao ya mwaka 2006 kwamba huzuni na upweke ni miongoni mwa mambo yanayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu za zamani, na kwamba kumbukumbu hizo humwacha akijiona yu karibu zaidi na watu wake. Walipima kumbukumbu, hawakupima programu za simu, na sitaki kuwalisha maneno. Lakini angalau wanaondoa ile dhana kwamba kukumbuka kwao ni maradhi.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo sitalijibu kwa kulikataa. Wako waliokimbia. Kwa mtu wa Kivu, pikipiki inayozima ghafla gizani inaweza kuwa na maana ambayo mbunifu aliyeketi ofisini Nairobi hataiwaza. Hapa ufundi ni wa kujizuia: sauti yoyote isijianzishe yenyewe, isipande kwa kushtukiza, kila rekodi itangulize maelezo ya kilichomo, na msikilizaji aweze kuondoa tabaka moja, tuseme magari, akabaki na ndege na watu. Adhana nayo ina adabu yake. Haizungushwi kama muziki wala haiwekwi chini ya sauti nyingine kuwa pambo. Isikike yote au isiwepo. Saa pia ina mtihani wake. Zanzibar ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, Minneapolis ni saa nne usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tatu usiku wakati wa baridi. Programu ifuate saa ya wapi? Nadhani ya msikilizaji, kwa sababu mwili lazima ulale pale ulipo. Ila kiwepo kitufe cha saa ya nyumbani, maana kuna faraja nyingine ya kujua kwamba sasa hivi, kule, mtu anawasha jiko.

Wengine watasema nyumbani kunabadilika, na rekodi itamfungia mtu katika mji usiokuwepo tena. Ni kweli, na dawa yake ni ndogo: kila rekodi ibebe tarehe, mtaa na majira, ili kusi isichanganywe na kaskazi, na soko kabla ya kuvunjwa lisidaiwe kuwa soko la leo. Zito kidogo ni suala la watu waliomo ndani ya rekodi hizo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022, na hata bila sheria mwenye baraza hakuweka mazungumzo yake sokoni. Fundi mzuri husogeza maikrofoni nyuma mpaka gumzo lisikike na sentensi isishikike. Muuza kahawa ataombwa ruhusa, kisha atalipwa.

Shida iliyobaki ni biashara. Programu nyingi hupimwa kwa dakika ambazo mtu amezitumia ndani yake, wakati hii ikifanya kazi vizuri itafunguliwa kila usiku mwezi wa kwanza, kisha mara moja moja, mvua zinapoanza kwao. Kwa hiyo inunuliwe mara moja, isiwe ya kulipiwa kila mwezi, na isimtumie mtu arifa ya kumkumbusha kwamba hajakumbuka kwao. Fedha nyingine itoke kwenye maagizo. Anayetaka uwanja wa shule fulani ya Iringa saa ya mapumziko aweze kuuagiza, na kijana wa Iringa mwenye kinasa sauti alipwe kwenda kuurekodi, akishakubaliwa na mwalimu mkuu.