Injini kichwani, mapezi hakuna: kosa la Auburn

Picha mnaijua: Robert Goddard na koti lake zito, theluji chini, fremu ya mabomba pembeni, Auburn, Massachusetts, 16 Machi 1926. Itazameni roketi yenyewe. Injini iko juu kabisa, matangi yako chini, pezi hata moja hakuna. Mpangilio ule ulikuwa kosa, na sifa zote za Goddard haziufuti.

Petroli na oksijeni ya kimiminika ziliinua chombo hewani kwa mara ya kwanza: kazi safi, hongera yake.

Turudi kwenye injini. Hoja ilikuwa kwamba ikivuta kutoka juu, matangi yatanyooka chini yake kama timazi ya fundi mwashi. Lakini uzi wa timazi umeshikwa mahali pasipohama; roketi haijashikwa na chochote. Ikilala digrii tano, injini nayo imelala digrii tano, maana imefungwa kwenye fremu ileile. Msukumo unaendelea kupita kwenye mhimili, ndani ya kitovu cha uzito, na momenti ya kuirudisha ni sifuri. Uvutano wa dunia nao unashika kitovu hichohicho, hauzungushi kitu. Kinachobaki ni hewa, na hewa inataka kitovu cha kanieneo kiwe nyuma ya kitovu cha uzito. Goddard akapeleka matangi, mafuta yote yakiwemo, nyuma! Tena mwali ukawa unashukia tangi, ikabidi alivishe kofia ya asbesto. Kosa moja likazaa kazi ya pili.

Sekunde 2.5 hewani, kimo mita 12 na ushei, ikaanguka mita 56 kutoka ilipoanzia. Watetezi wake husema nusu ya chini ya nozeli iliungua. Ni kweli, na nozeli iliyoliwa huweza kuisukuma roketi kando. Hapo ndipo uthabiti unapotakiwa.

Nimeshasema na nitasema tena: William Hale alipata jibu mwaka 1844. Roketi zake hazikuwa na mapezi wala ile fimbo ndefu ya roketi za Congreve. Gesi ya moto yenyewe ilizizungusha, na mzunguko ukazishikilia njia. Miaka 82 kabla ya Auburn!

Na bado waundaji wa roketi ndogo wananiletea timazi ileile. Chukua bomba tupu lenye pua ya koni. Kwa hesabu za James Barrowman za 1966, kwenye pembe ndogo bomba halizai kani ya kando; pua ndiyo inayoizaa yote, na kitovu chake cha kanieneo kiko theluthi mbili ya urefu wa pua kutoka nchani. Pua ya sentimita 15, kitovu sentimita 10. Jaza risasi puani mpaka kitovu cha uzito kipite mbele ya hapo, au izungushe, au ifanye fupi na pana ili mkokoto wa hewa kitakoni uibane. Injini ya mbele inasaidia kwa uzito wake tu, kuvuta hakuongezi kitu.

Goddard mwenyewe alilitambua kosa lake: Mei 1926 injini ilikuwa imeshuka mkiani, na mwaka 1935 roketi zake ziliongozwa na jairoskopu. Ninachomlaumu zaidi ni ukimya. Habari za safari ile hakuzichapisha hadi 1936, na huko Berlin, mwaka 1931, Wajerumani waliirusha roketi yao ya kwanza ya Repulsor injini ikiwa kichwani.